Mzee Atunzwe na Nani? Mjadala wa Pensheni, Afya na Usalama wa Wazee

Nchini Tanzania mtu huhesabiwa kuwa mzee afikishapo umri wa miaka 60. Ndivyo isemavyo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wazee wapatao milioni 2.5, kiasi cha watu 5 hadi 6 katika kila 100. Walio wengi wako vijijini. Wamelima, wamechunga au wamevua samaki maisha yao yote, na hawakuwahi kuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Mtumishi wa serikali hustaafu akapewa kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi; mkulima hastaafu, huishiwa nguvu tu.

Nguvu zikishaisha, mkulima huyo anaweza kuishi miaka kumi, ishirini au zaidi. Nani amtunze katika miaka hiyo, kwa fedha ya nani, na nani aulizwe akiachwa peke yake? Katika mjadala huu sauti nne husikika kila unapofunguliwa, iwe barazani, bungeni au kwenye maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani kila tarehe 1 Oktoba. Wa kwanza ni mlinzi wa mila, anayesema mzee ni wa ukoo wake. Wa pili ni mdai haki, anayesema mzee ni raia na anaidai nchi yake. Wa tatu ni mhasibu wa serikali, anayeuliza fedha zitatoka wapi. Wa nne ni tabibu wa zahanati, ambaye mzee humfikia akiwa tayari anaumwa.

Pensheni: deni la watoto au deni la nchi?

Mlinzi wa mila ndiye huanza. Hoja yake ni kwamba kumtunza mzazi ni deni la mtoto aliyelelewa, na kwamba Uislamu na Ukristo, dini zenye waumini wengi zaidi nchini, zote zinaamuru wazazi waheshimiwe. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee aliyeketi na wajukuu hupata kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitoa: mtu wa kumsikiliza. Hofu yake ni kwamba serikali ikianza kumlipa mzee, watoto watanawa mikono. Leo watasema ana pensheni, kesho hawatafika hata kumsalimu.

Mdai haki hakatai kwamba familia ndiyo nguzo. Anachouliza ni kama nguzo hiyo bado inaweza kuubeba mzigo wote. Malezi ya wazee ya zamani yalisimama juu ya shamba. Watoto walikaa karibu, chakula kilitoka ghalani, na mikono ya kusaidia haikukosekana. Leo kijana wa Meatu yuko Dar es Salaam akiendesha bodaboda, au yuko Kahama akihangaikia dhahabu, na anachoweza kutuma kwa simu hakina tarehe. Halafu kuna mahali ambapo watoto wenyewe hawapo. Mkoani Kagera, mmoja wa mikoa iliyopigwa mapema na vikali na UKIMWI, wazee wengi walizika watoto wao na kubaki na wajukuu wa kulea. Hapo mtunzwaji amegeuka kuwa mlezi.

Huko huko Kagera, wilayani Muleba, ndiko lilikopatikana jibu kwa hofu ya mlinzi wa mila. Kuanzia mwaka 2003 mradi wa KwaWazee ulianza kuwapa wazee maskini pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa wale wanaolea wajukuu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja walichonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pesa ya mzee haikuishia kwa mzee. Iliingia jikoni na kufika darasani, na mzee aliyekuwa akiomba chumvi kwa jirani akaweza naye kuombwa. Pensheni haikuivunja familia. Iliipa kitu cha kushika.

Mlinzi wa mila huweza kumwita Mwalimu Julius Nyerere kuwa shahidi wake. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Nyerere alieleza kwamba katika jamii ya jadi mzee aliyeonekana kukaa bila kazi hakuwa mnyonyaji, kwa sababu alikwisha kufanya kazi kwa bidii ujanani mwake. Lakini maneno hayo yana makali upande wa pili pia, na mdai haki huyatumia vizuri zaidi. Ikiwa mzee anakula jasho lake la jana, basi mkulima wa pamba, kahawa au karafuu analidai taifa zima. Mazao hayo yaliuzwa nje, yakaleta fedha za kigeni, yakajenga shule na barabara. Faida ilikuwa ya nchi. Deni haliwezi kubaki la ukoo peke yake.

Tena, mila yenyewe haimlindi kila mzee sawasawa. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamweka mjane nje ya urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Sehemu yake, kwa mujibu wa kanuni hizo, ni kutunzwa na watoto wake. Mjane ambaye hakujaliwa watoto, au ambaye watoto wake wamemtangulia kufa, hana la kushika. Anapoambiwa kwamba mzee ni wa ukoo, yeye huwa anaishi katika nyumba ambayo ukoo unaweza kuidai kesho.

Hapo mhasibu wa serikali huingia. Anakubali kwamba shida ipo, ila anasema hazina haina kitu cha kumgawia kila mtu. Afadhali wachaguliwe maskini kabisa, kama ambavyo mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukifanya: kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, huhojiwa, kisha huingizwa kwenye orodha. Kumlipa mzee tajiri, anasema, ni kumwaga maji baharini.

Jibu la mdai haki ni kwamba kuchagua nako kuna gharama. Panapoishi watu ambao karibu wote ni maskini, tofauti kati ya kaya iliyoingia na iliyoachwa ni nyembamba, na makosa hayaepukiki. Mzee asiyesikia vizuri hafiki mkutanoni. Asiye na mtu wa kumsemea hatajwi. Umri, kwa upande mwingine, hauhitaji ufadhili wa mwenyekiti. Mtu ama ametimiza miaka 70 ama bado.

Mfano uko karibu. Aprili 2016 Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii: kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, mwenye sifa za ukaazi, alianza kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali, awe alikuwa mwalimu, mvuvi au mama wa nyumbani. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Kenya nayo ilianza na majaribio madogo katikati ya miaka ya 2000, kisha mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukawafungulia mlango watu wote wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kila mwezi. Visiwa vya Zanzibar, visivyo na dhahabu wala gesi iliyochimbwa, vimeweza, na hilo linampunguzia nguvu anayesema haiwezekani.

Hata hivyo mhasibu ana neno la kweli ambalo halifai kupuuzwa. Kiwango kisichopanda pamoja na bei ya unga na mafuta ya taa huliwa na miaka. Malipo yanayochelewa, kama yalivyochelewa mara nyingi nchini Kenya, humwingiza mzee kwenye madeni dukani. Pensheni inayotegemea huruma ya bajeti ya mwaka huu inaweza kukatwa mwaka ujao. Kwa hiyo hoja yake, ikifuatwa hadi mwisho, haipingi pensheni ya wote. Inataka iwekwe kwenye sheria, kiwango chake kipitiwe kila baada ya muda, na tarehe ya malipo iheshimiwe.

Afya: matibabu bure, dawa kanunue

Katika suala la afya mabishano ni ya namna nyingine, kwa sababu haki imekwisha kuandikwa. Sera za Tanzania zinasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Halmashauri zimetoa vitambulisho vya msamaha wa matibabu, na hospitali zimefungua dirisha la wazee, huku ukutani kukiwa na bango linalowataka wagonjwa wengine wampishe mzee kwanza. Mhasibu huonyesha hayo kuwa ushahidi kwamba serikali imetimiza wajibu.

Wazee wenyewe hujibu kwa kusimulia safari. Bibi mwenye presha ya kupanda hutakiwa kumeza kidonge kila siku, maisha yake yote. Zahanati ya kijiji chake mara nyingi haina dawa hiyo, basi huandikiwa kwenda kituo cha afya cha kata au hospitali ya wilaya. Hukodi bodaboda kwenda na kurudi, na mjukuu hukosa shule ili amsindikize. Dirisha la wazee lipo, na hapangi foleni ndefu. Anamwona tabibu bila kulipa. Kisha hupewa karatasi na kuambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la dawa upande wa pili wa barabara. Alichosamehewa ni pesa ya kumwona tabibu. Nauli na dawa, ambazo ndizo mzigo mkubwa, amebaki nazo. Mwezi unaofuata hafungi safari hiyo tena. Humeza vidonge siku anazojisikia vibaya, na siku moja huamka upande mmoja wa mwili umepooza.

Tabibu huongeza hesabu inayoonyesha kwamba bibi huyo si wa peke yake. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta karibu 7 kati ya kila 10 wana shinikizo kubwa la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haiumi, ndiyo maana humkuta mzee ameketi kwa amani. Kisukari nacho huharibu macho, figo na miguu taratibu. Mtoto wa jicho humpofusha mtu ambaye angeweza kuona tena kwa upasuaji usiozidi nusu saa. Tezi dume humwamsha babu usiku mara nyingi, naye huona haya kulisema. Maradhi haya hayahitaji hospitali ya rufaa ili yagunduliwe. Yanahitaji kipimo cha presha kinachofanya kazi, dawa zisizokatika na mtu wa kufuatilia.

Mhasibu huweka tumaini lake kwenye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mdai haki anaiunga mkono, kwa sharti kwamba mzee asiye na kipato alipiwe mchango wake na asiambiwe achangie kwanza. Tabibu ana sharti la pili: kadi ya bima haitibu kama bohari ni tupu. Anapendekeza jambo lisilo na gharama kubwa, kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari huwatembelea wajawazito na watoto wachanga, wapite pia kwa wazee. Wawapime presha, wawapelekee dawa za mwezi na kuwaandikia rufaa mapema. Mzee asiyeweza kutembea hawezi kunufaika na dirisha, hata likiwa limepambwa vipi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hudhihirisha jinsi afya na usalama vinavyofungamana. Utafiti mwingine wa wilayani Hai ulikadiria kwamba watu zaidi ya 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa wa kusahau unaotokana na kudhoofika kwa ubongo. Mgonjwa huzunguka usiku bila kujua aendako, huongea peke yake, huingia nyumba isiyo yake. Familia inayoelewa humfungia lango na kumshika mkono. Isiyoelewa hutafuta maelezo mahali pengine.

Usalama: uchawi, ardhi na choo cha usiku

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, hasa Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi kwa kudhaniwa wachawi. Macho mekundu yalichukuliwa kuwa dalili. Wanawake hao walikuwa wamepikia kuni na samadi ya ng’ombe katika jiko lisilo na dirisha tangu usichana wao, na moshi huo ndio uliowaunguza macho. Katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, mvi ndizo zilizoitwa ushahidi, na wapo wazee waliopaka nywele zao rangi nyeusi ili waishi. Huko Ganze kimefunguliwa kituo cha Kaya Godoma cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao.

Mlinzi wa mila husikitika na kusema mauaji hayo ni uharibifu wa mila, kwani mila ya kweli humheshimu mzee. Anataka wazee wa kimila na viongozi wa dini wayakemee hadharani. Mdai haki anataka zaidi ya kukemea. Anasema ufuatwe mkondo wa faida: akifa bibi, nani hupata shamba? Mara nyingi mpiga ramli hutaja jina, muuaji hulipwa, na ardhi hubadilisha mikono. Kwa hiyo ulinzi wa kweli huanza mapema, kwa mjane kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu, na kwa polisi kumkamata aliyetuma pamoja na aliyetumwa. Tabibu naye anaongeza jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi, na elimu kwamba kusahau ni ugonjwa. Hapa sauti hizi tatu zinakubaliana, na kilichobaki ni utekelezaji.

Kuna hatari nyingine isiyotangazwa redioni. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanguka kuwa sababu ya pili ya vifo vya ajali duniani, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Nyumbani kwetu mwanguko huo hutokea njiani kwenda choo cha nje, usiku, mvua imenyesha, taa hakuna. Mzee akivunjika nyonga hulazwa kitandani, na kitandani hufuatwa na vidonda na homa ya mapafu. Kinga yake ni rahisi: tochi kando ya mto, njia iliyosawazishwa, mti uliochimbiwa chooni wa kushikilia anapochuchumaa na kuinuka, kiti chenye tundu au ndoo ya usiku kwa aliyedhoofika, na miwani. Mambo haya hayahitaji sera. Yanahitaji kijana mmoja wa nyumbani, jembe na alasiri moja.

Makao ya wazee: aibu au kimbilio?

Tanzania ina makao ya serikali kwa wazee wasiojiweza, kama vile Nunge jijini Dar es Salaam, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Zanzibar ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Mlinzi wa mila huona kumpeleka mzazi huko ni aibu ya ukoo. Mdai haki husema aibu ni kumwacha mzee afe njaa kwa kuogopa maneno ya watu, na asiye na ndugu hana nyumba nyingine ya kwenda.

Mhasibu na tabibu wanakutana katikati. Makao yatakuwa daima kwa wachache, maana kumhudumia mtu humo usiku na mchana ni ghali kuliko kumsaidia akiwa kwake. Basi yawe machache, yawe na chakula cha kutosha, wauguzi na ukaguzi wa wazi, na yapokee wale tu ambao hawana pengine. Wengine wote wasaidiwe palipo na kitanda chao.

Na hapo linaibuka swali ambalo sauti zote nne huchelewa kulifikia: anayemtunza mzee nyumbani ni nani? Karibu kila mara ni mwanamke. Ni binti aliyerudi kutoka mjini, mkwe, au mke ambaye naye ni mzee. Humgeuza mgonjwa, humwogesha, hufua mashuka, huamka usiku, wala halipwi. Hakuna anayemfundisha namna ya kumwinua mtu mzito bila kuumia mgongo. Kusema kwamba familia itatunza, bila kumtaja mtu huyu, ni kumtwisha mmoja mzigo wa wote.

Hukumu ya mjadala

Mlinzi wa mila yuko sahihi kwamba mahali pa mzee ni nyumbani, miongoni mwa wanaomjua. Anakosea anapodhani nyumba itasimama kwa mapenzi matupu. Mhasibu yuko sahihi kwamba ahadi isiyo na fedha ni udanganyifu. Anakosea anapohesabu gharama ya pensheni bila kuhesabu gharama ya kiharusi, nyonga iliyovunjika na mjukuu aliyeacha shule. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya haki za wazee mwaka 2016, na Zanzibar ilipata sheria yake ya mambo ya wazee mwaka 2020. Bara ilipata sera mapema, mwaka 2003, lakini sera haimpi mzee mlango wa mahakama.

Kwa hiyo familia imtunze mzee, na serikali iitunze familia inayomtunza. Kwa vitendo, hayo ni mambo manne: pensheni ya wote iliyowekwa kwenye sheria, dawa za presha na kisukari zinazofika hadi zahanati ya kijiji, mhudumu wa afya anayeingia nyumbani na kumsaidia pia anayeuguza, na hati ya ardhi yenye jina la mjane. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo halijafanyika mahali fulani Afrika Mashariki. Mbunge anayeomba kura za wazee aulizwe, kabla hajapewa, ni lini yatafanyika kwake.